Jina Likikosewa, Nani Analipa? Kutoka PHP Mpaka Bonchari

Leo ni historia, lakini ya kitu ambacho mwalimu wako wa historia hakugusa: majina ya funksheni za kompyuta, na kwa nini jina likishakosewa, kulirekebisha ni vita. Kama hujawahi kuandika programu hata moja, usitoroke. Tutapitia Kitutu na Mugirango, na tutaishia kwenye kitambulisho chako.

Tuanze na msingi ndio twende pamoja. Funksheni ni kipande cha programu kilichopewa jina. Unaliita jina, kazi inafanyika. Maktaba ya programu ni funksheni nyingi zilizowekwa pamoja ili wengine wazitumie bila kuziandika upya. Fikiria fundi wa gari mwenye boksi la spana. Ukisema "lete kumi na tatu", kijana wake anajua ni gani. Lakini spana moja ikiitwa kumi na tatu, nyingine "ile fupi" na nyingine "ya bluu", kijana mpya atateseka mwezi mzima. Fundi mwenyewe hatateseka, kwa sababu ameshazoea. Hiyo ndiyo inaitwa majina yasiyolingana, na kila maktaba kubwa iliyokaa miaka mingi iko nayo.

Sasa, jina la funksheni lina mabosi wawili. Binadamu anataka limwambie maana. Kompyuta haijali maana hata kidogo, inataka herufi zile zile, moja moja, bila kukosa. Kwa hivyo unaweza kuwa na jina ambalo kila binadamu anajua limekosewa, na bado ndilo jina pekee linalofanya kazi.

Mfano ambao kila mtu hucheka ni PHP. Rasmus Lerdorf, jamaa aliyezaliwa Greenland, aliitoa kwa umma mwaka wa 1995. Ilianza kama vifaa vyake vidogo vya kuendesha tovuti yake. Ndani yake utapata strlen, imeandikwa bila kistari, halafu utapata str_replace, ina kistari. Ukitumia in_array unaanza kutaja kitu unachotafuta, kisha mahali pa kukitafuta. Ukitumia strpos unafanya kinyume, mahali kwanza. Mwaka wa 2013 Lerdorf mwenyewe alieleza sababu moja ya majina kuwa ya ajabu: zamani zile PHP ilikuwa inapanga funksheni kwa kuangalia urefu wa jina, kwa hivyo ilisaidia majina yawe na urefu tofauti tofauti. Yaani jina lilirefushwa au kufupishwa kwa ajili ya mashine, na mashine hiyo ilishabadilika zamani. Majina yamebaki.

Kwa nini hawakuyasafisha? Kwa sababu Facebook ilianza na PHP mwaka wa 2004. WordPress imeandikwa kwa PHP. Ukifuta strpos leo usiku, kesho asubuhi tovuti za dunia nzima zinaanguka, pamoja na ile ya shule yako ya sekondari ambayo hakuna mtu ameigusa tangu aliyeitengeneza aondoke. Walichofanya ni kingine. Novemba 2020, PHP 8.0 ilileta funksheni mpya zenye majina yaliyonyooka, str_contains na str_starts_with. Za zamani ziliachwa palepale.

Kuna kesi nyingine ninaipenda zaidi. Ukibonyeza linki, kivinjari chako huiambia tovuti mpya umetoka ukurasa gani. Taarifa hiyo inaitwa Referer. Kama ulipata alama nzuri za Kiingereza umeshaona shida: inatakiwa kuwa na r mbili katikati. Kosa liliingia kwenye hati rasmi ya mwaka wa 1996 na mpaka leo kila simu duniani inalituma likiwa limekosewa vile vile. Baadaye walipotunga kanuni ya kudhibiti taarifa hiyo, waliiandika sawasawa: Referrer-Policy. Sasa kuna tahajia mbili ndani ya mfumo mmoja, na zote mbili ni sahihi mahali pake.

Usidhani haya ni ya wazungu tu. Njoo hapa nyumbani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka wa 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango ambao madevelopa hutumia kuunganisha programu zao na M-Pesa. Ukinunua kitu mtandaoni na simu ikakuomba PIN yenyewe, uwezekano mkubwa kuna mtu alipitia Daraja. Soma nyaraka zake pole pole. Kwenye ombi la kurudisha pesa, jina la sehemu moja ni RecieverIdentifierType. Angalia hiyo Reciever, i na e zimebadilishana viti. Kwenye ombi la kulipa watu kuna Occassion yenye s mbili mbili, lakini kwenye lile la kurudisha pesa ni Occasion, sahihi kabisa. Na kwenye jibu la kusajili anwani za malipo kuna OriginatorCoversationID, n moja imeanguka njiani.

Developa mpya akiona hivyo anacheka, anaandika Receiver vile alivyofundishwa, na mfumo unamkatalia. Baada ya hapo anajifunza kukosea kwa makusudi. Nasema hivi bila dharau kwa walioandika. Kila mfumo unaotumika kweli una makovu kama haya, na ule usio nayo ni ule ambao hakuna mtu anautumia. Fikiria maduka, saco na makanisa ambayo mifumo yao inatuma hiyo Reciever kila siku. Ukiisahihisha ghafla, kosa la herufi mbili linageuka kuwa pesa za watu zilizokwama.

Sasa tuingie Gusii, kwa sababu kwetu tunalo jambo hili hili, na ni la zamani kuliko kompyuta yoyote.

Ekegusii ina kanuni ya majina safi kuliko ya PHP. Mtu mmoja ni Omogusii, wengi ni Abagusii, lugha ni Ekegusii. Ukoo ukiwa na eneo, eneo linachukua Bo-. Abanchari wako Bonchari. Ababasi wako Bobasi. Abamachoge, Bomachoge. Abagirango, Bogirango. Abagetutu, Bogetutu. Ukiijua kanuni, unaweza kukisia jina ambalo hujawahi kulisikia. Kwa developa hiyo ni raha ya ajabu, huhitaji hata kufungua nyaraka.

Waingereza waliweka kituo chao pale mjini mwaka wa 1907. Wenyeji waliuita mji huo Bosongo, mahali pa wazungu, na angalia, hata jina hilo lilifuata kanuni ya Bo-. Lakini kwenye daftari za serikali karani aliandika alichosikia. Bonchari ikawa Wanjare, ina Wa- ya mbele kama watu wa Kiswahili. Bobasi ikawa Bassi. Bomachoge ikawa Majoge. Bogetutu ikawa Kitutu, na Bogirango ikawa Mugirango. Kila jina lilikosewa kwa njia yake. Ingekuwa ni kosa moja limerudiwa, tungelizoea. Hii ilikuwa kama PHP, kila moja na kichaa chake.

Uhuru ulipokuja, makosa hayo yaliingia bungeni. Kulikuwa na eneo bunge la Wanjare/South Mugirango, na lingine la Majoge/Bassi. Halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 usafi ukaanza: Wanjare ikatoka, Bonchari ikaingia. Bassi ikawa Bobasi. Majoge ikawa Bomachoge. Safi kabisa.

Halafu usafi ukaishia hapo.

Chukua orodha ya leo. Kaunti ya Kisii ina maeneo bunge tisa: Bonchari, South Mugirango, Bomachoge Borabu, Bomachoge Chache, Bobasi, Nyaribari Masaba, Nyaribari Chache, Kitutu Chache North na Kitutu Chache South. Nyamira ina manne: Kitutu Masaba, West Mugirango, North Mugirango na Borabu. Koo tatu zimerudishiwa Bo- yao, nyingine bado zinatembea na majina ya karani. Kuna Mugirango ya kusini, ya magharibi na ya kaskazini, lakini eneo bunge la mashariki hakuna. Kuna Borabu ya Nyamira na kuna Bomachoge Borabu ya Kaunti ya Kisii. Masaba iko mara mbili, kaunti mbili tofauti. Mgeni akikuuliza "Borabu gani?" hajakosea kitu. Ndiyo yale yale ya funksheni mbili zenye jina linalofanana kwenye maktaba moja.

Hilo la nusu nusu ndilo hunisumbua. Maktaba yenye majina mabaya yote unaweza kuizoea, kwa sababu unajua ubaya uko wapi. Maktaba iliyosafishwa nusu inakudanganya. Unaona Bonchari, unaona Bobasi, unasema sawa, nimeelewa kanuni, basi unatafuta Bogirango kwenye orodha na huipati.

Jina lenyewe la Kisii lina shida hiyo pia. Sisi tunajiita Abagusii, lakini Kisii ndilo lililoshika kwenye ramani, na mwenye kuzoea Kiswahili akiona Ki- ya mbele anaweza kudhani ni jina la lugha. Mjini utapata Gusii Stadium, wanakochezea Shabana, ndani ya Kaunti ya Kisii. Maji ni ya Gusii, chuo kikuu ni cha Kisii. Tena Kisii ni jina la kabila, la mji na la kaunti kwa wakati mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakisii zaidi ya milioni 2.7 Kenya nzima. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Kwa hivyo mtu wa Nyamira ni Mkisii ambaye hatoki Kisii. Jaribu kumweleza mtu wa Nairobi hiyo sentensi uone sura yake. Rafiki zangu wa Nyamira huchoka kujibu "Kisii sehemu gani?" na mwishowe hutaja tu soko lao, yaishe.

Swali basi ni hili: jina likishakosewa na likishazoeleka, unafanya nini? Historia inatupa njia tatu.

Njia ya kwanza ni amri. Mwaka wa 1928 wakoloni walikutana Mombasa wakaamua Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na mwaka wa 1930 wakaunda kamati ya kusimamia lugha hiyo katika maeneo yote manne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kilipatikana kitu kikubwa. Vitabu vikasomeka kutoka Kisumu hadi Lindi, na bila hiyo pengine hata hii posti ungeisoma ukikwama kwama. Lakini Kimvita cha Mombasa, lugha yenye mashairi ya karne nyingi, kikaamka siku moja kimekuwa "lahaja". Mtoto wa Mombasa anayesema "ndia" nyumbani anaambiwa shuleni aandike "njia". Hajakosea popote, jina lake ndilo halikuchaguliwa. Amri inafanya kazi haraka, na gharama yake inaangukia aliyekuwa na jina lingine.

Njia ya pili ni kuacha tu. Reciever ibaki Reciever. Hii ni rahisi leo, lakini kila mtu mpya anayeingia analipa, tena analipa milele. Wazee wa mfumo hawaoni shida, kwa sababu wao walishalipa.

Njia ya tatu ni majina mawili kwa muda. Unaweka jina jipya, la zamani unaliacha likifanya kazi, lakini kila mtu akiliita anapata onyo: kaka, hili linaondoka, hamia kwa lile. Unasubiri. Halafu unalitoa. Python walifanya hivi na funksheni zao za kupima programu. Kulikuwa na assertEquals na assertEqual, kazi moja, majina mawili. Mwaka wa 2011, toleo la 3.2 lilitangaza kwamba assertEquals yenye s ya mwisho imestaafishwa. Ilitolewa kabisa kwenye toleo la 3.12, Oktoba 2023. Hesabu: miaka kumi na miwili kwa herufi moja! Mtu aliyekuwa darasa la kwanza onyo lilipoanza alikuwa amemaliza shule ya msingi na sekondari.

Wengine huona huo ni uzembe. Mimi naona ni heshima. Waliotunza Python walisema: kosa ni letu, basi mzigo wa kubeba majina mawili tutaubeba sisi, ninyi hameni polepole.

Na hapa ndipo ninataka usikilize vizuri, kwa sababu sasa tumefika kwenye kitambulisho chako.

Majina ya kwetu yana ng' nyingi. Nyang'au. Mong'are. Ong'era. Hiyo alama ya juu si pambo, inatenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, sauti mbili tofauti. Lakini kwenye programu nyingi alama hiyo hiyo ina maana nyingine, inaiambia kompyuta kwamba maandishi yameisha. Programu iliyoandikwa kwa haraka ikikutana na Nyang'au inaona "Nyang", halafu inachanganyikiwa na "au". Developa mvivu hurekebisha kwa kuitupa hiyo alama. Ndio maana watu wengi wana Nyang'au kwenye karatasi moja na Nyangau kwenye nyingine. Ongeza tahajia zinazoyumba, Nyaboke hapa, Nyaboki pale, kulingana na sikio la aliyekuwa anajaza fomu siku hiyo.

Binamu yangu ana alama hiyo kwenye cheti cha kuzaliwa na hana kwenye kitambulisho. Ofisi moja ikamwambia hao ni watu wawili. Ikabidi aende kwa wakili, alipe, aape kwa maandishi kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Isome tena hiyo sentensi ukiwa developa. Majina mawili, mtu mmoja, yote yatambuliwe. Hiyo hati ya kiapo ndiyo njia ya tatu ile ile, ile ya Python. Sheria yetu inaijua dawa kabisa. Tofauti ni moja tu: Python, gharama ililipwa na waliotoa jina baya. Huku kwetu inalipwa na aliyepewa jina baya. Kijana ambaye bado hajapata kazi analipia kosa la karani, au la programu, ili aruhusiwe kuomba kazi.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usinichukulie kama profesa wa chochote. Lakini nimesoma historia hizi za kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni huu. Majina yasawazishwe, ndiyo. Bogirango na Bogetutu zinastahili kuandikwa kama Bonchari, kazi ilishaanza na haifai kuachwa katikati. Ila ifanywe na majina mawili kwa muda mrefu: hati ya shamba iliyoandikwa Kitutu ibaki halali, cheti cha mzee kilichoandikwa Mugirango kisikataliwe dirishani, na mfumo wenyewe ujue kwamba haya ni mahali pamoja. Kumwambia mama wa miaka sabini apange foleni abadilishe karatasi kwa sababu sisi tumegundua kanuni ya Bo- itakuwa ni kumfanyia kile kile karani alichofanya.

Na kama unajifunza kuandika programu, hapa Kisii, Nyamira au popote ulipo, siku moja utatengeneza fomu yenye sehemu ya jina. Jaribu kuingiza Nyang'au kabla hujaingiza John. Ikikataa, usimguse Nyang'au. Rekebisha programu yako.

Haya, toa kitambulisho, toa cheti cha kuzaliwa, toa na cheti cha KCSE. Viweke mezani. Je, ni wewe mmoja, au mko wawili?